Usimwage unga wa kidonge juu ya kidonda cha moto

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo linalotokea kambini, na pia kwa ndugu zetu wanaopanga vyumba mjini Kigali, kule Muhima. Mbabula iko mlangoni, uji unachemka, watoto wanacheza. Kufumba na kufumbua, uji umemwagikia mguu wa mtoto.

Jirani anakuja mbio na kidonge cha rangi mbili kilichobaki tangu mwaka jana. Anakifungua, anamwaga unga juu ya kidonda. Anafanya hivyo kwa upendo, lakini hapo ndipo taabu inaanza.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Moto ukiubomoa, vijidudu vinaingia. Kuna stafilokoki, ambayo watu wengi wanaibeba puani na kwenye ngozi. Kuna sudomonasi, inayopenda penye majimaji na inayoweza kuleta usaha wa kijani. Ule unga hauviui vyote. Vilivyo dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana. Siku mtoto atakapohitaji dawa ile kweli, haimsaidii tena. Huo ndio usugu wa dawa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi ndogo mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel. Hakusikilizwa vya kutosha: mwaka 2019 usugu huo uliua moja kwa moja watu karibu milioni 1.27 duniani.

Basi tufanye nini?

1. Mwagia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kikombe toka kwenye bidoni. Usitumie barafu, dawa ya meno wala mafuta.

2. Vua nguo iliyolowa. Ikiwa imegandamana na ngozi, iache.

3. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, na mtoto asipate baridi.

4. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku kama ameungua uso, mikono au sehemu za siri. Walio Muhima wana hospitali yao hapo hapo, na wenye majeraha makubwa wanaweza kutumwa CHUK.

5. Uliza habari ya chanjo ya pepopunda.

Usikasirike muuguzi akikufungia kidonda bila kukupa antibiotiki. Vidonda vingi vya moto vinapona kwa usafi tu. Akikupa, mtoto ameze kama alivyoelezwa, wala usimgawie mwingine. Ukiona homa, harufu mbaya, usaha au wekundu unaosambaa, rudi upesi. Pengine watapima usaha maabara, wajue ni dawa gani bado inaweza kumtibu.

Na kile kidonge kilichobaki kabatini? Mama, baba, kipeleke kituo cha afya. Mbabula nayo, leo hii, itoeni kwenye njia ya watoto.