Ruzuku ya intaneti vijijini ihesabu watumiaji, si minara tu

Tangu sheria ya 2006 iunde Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), Tanzania imekuwa ikipambana na umbali. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku, mahali ambapo mwekezaji peke yake asingethubutu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ila kikwazo sasa kimehama. Kusini mwa Sahara, watu wanaoishi penye mawimbi ya intaneti bila kuitumia ni wengi mara kadhaa kuliko wasiofikiwa na mawimbi, na bei ya simu janja ni miongoni mwa sababu kubwa. Mwenye kitochi hununua dakika, hanunui bando. Mnara unaotegemea wateja wa aina hiyo hauwezi kujilipia umeme na matengenezo, sembuse kuongezewa uwezo.

Basi ruzuku isaidie pia kununua simu. Wapo wanaosema simu ni mali binafsi, kodi ya wananchi isiguse humo. Lakini kodi hiyohiyo imekwisha kujenga mnara, na mnara usiotumika ni hasara ya umma. Wengine watakumbusha kwamba serikali ilijaribu: 2021 ilisamehe VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, kisha 2022 ikafuta msamaha huo. Mwaka mmoja haupimi kitu, na kwa vyovyote msamaha wa kodi humfaa kwanza mwenye fedha taslimu. Mkulima anahitaji mkopo wa simu unaofuata msimu wake. Nchini Kenya, Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo 2020, mteja akilipa shilingi 20 za huko kwa siku. Mpango mzuri kwa bodaboda, lakini mkulima wa korosho wa Mtwara hupata fedha baada ya mnada. Chama chake cha ushirika wa mazao (AMCOS) tayari kinakusanya mazao na kusimamia malipo, hivyo deni la simu lingekatwa hapo, kwa ridhaa yake ya maandishi, maana makato yasiyoeleweka yamewaumiza wakulima vya kutosha. Mavuno yakiharibika, sehemu ya ruzuku iwe dhamana ya mkopo. Na kampuni ya simu ilipwe fungu la mwisho la ruzuku pale tu idadi iliyokubaliwa ya wanakijiji inapotumia intaneti kila mwezi, si siku mnara unapowashwa.