Pete ya Shosh Iingie Moto

Maze, cheki drawer ya mathe. Chini ya zile risiti za 2009 kuna pete ya shosh. Imelala hapo miaka. Hakuna mtu huivaa, ju design ni ile ya harusi za kitambo. Ukitokea nayo kwa base unachoma picha, mbogi itadhani umeolewa na chifu.

Yeyusha hiyo kitu.

Aunty ataskia. Aunty huskianga kila kitu. Atatupa voice note ya dakika nne kwa family group, ati pete ya marehemu haiguswi, ati shosh atakuja usiku. Aje na nini, nduthi? Na huyu ndiye aliuza ng'ombe ya shosh kabla matanga iishe. Lenga.

Lakini usiende ka fala. Soma stamp ndani ya pete. 375 ni nine karat, hapo gold haifiki hata nusu, ingine ni silver na copper. 585 ni fourteen, 750 ni eighteen. Ukipata 916 hiyo ni twenty-two, na shosh alikuwa bazuu mkimwona tu wa kuchuna mboga. GP? Pole msee, hiyo ni rangi. Rudisha kwa drawer pole pole.

Sasa hesabu. Pete ya gram tatu ya 375 iko na gold pure gram moja na kitu. Zile ndoto za cheni nzito ka ya rapper, zima. Utatoa stadi mbili, ama ka-pendant, basi. Ukitaka kubwa unaongezewa gold ya sonara, na hapo ndio utalia: October 2025 ounce moja ilivuka dola 4,000. Aunty ametuma VN ya pili, by the way.

Kwa sonara, mawe yanatolewa kwanza, ju emerald ikichapwa na moto inapasuka. Kama kuna herufi zimechorwa ndani, mwambie akate hako kapande akuwekee. Gold pure huyeyuka 1,064 degrees, hii ya kuchanganywa huwahi mapema. Anarusha boraksi itoe uchafu, anamwaga, anagonga, anavuta waya. Na kama pete ilishawahi kuchomelewa, sema mapema. Ile solder ya zamani huharibu mchanganyiko, kitu mpya inapasuka ukiivaa.

We kaa hapo. Usitoke kutafuta smocha. Ipimwe ukiona, kabla na baada. Kidogo huenda na tupa, hiyo ni kawaida. Ikiingia gram nne itoke mbili, hiyo haijapotea, hiyo imetembea. Na fundi wa "kuja kesho" ataimix na za wasee wengine, uende home na shosh wa mtu.

Bei ya gold iko online kila siku, so bargain labour pekee. Na usiache deposit bila risiti imeandikwa grams.