Ukuta wa bafu huandaliwa kabla ya vigae

Vigae vya bafu vikibanduka miezi michache baada ya kubandikwa, lawama huangukia vigae au gundi. Mara nyingi kosa liko nyuma yake: ukuta haukuandaliwa. Katika nyumba za ghorofa za Umoja, Donholm na Kayole, hasara hiyo haimpati mwenye bafu peke yake. Maji hupenya hadi dari ya jirani wa chini na huweza kufikia nyaya za umeme.

Mkazi anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Umeme na maji. Bafu nyingi zina shawa ya umeme. Swichi kuu huzimwa kwanza, kisha shawa hutolewa na fundi wa umeme mwenye leseni. Bomba zilizo ndani ya ukuta hujaribiwa wakati huu, kwa sababu zikivuja baadaye vigae vitavunjwa.

Kugonga na kukwangua. Ukuta hugongwa polepole kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na mawe na hutolewa kwa patasi. Rangi, chokaa na unga mweupe wa kulainishia ukuta hukwanguliwa hadi saruji ionekane. Kigae kilichobandikwa juu ya rangi hushikwa na rangi, si ukuta. Miwani na barakoa ni lazima.

Plasta. Ukuta wa mawe matupu hufagiliwa kwa brashi ya waya na kuloweshwa maji. Kipimo ni saruji 1 kwa mchanga safi 4, unene wa milimita 10 hadi 15. Uso wake haulainishwi sana, ili gundi ipate pa kushika. Plasta hunyunyiziwa maji kwa siku 7, kisha huachwa wiki 3 ikauke. Mahali maji ya mfereji huja kwa zamu, mitungi ijazwe kabla ya siku ya plasta, kwani plasta inayokosa maji mapema hupasuka.

Unyoofu. Ubao ulionyooka wa mita 2 huegemezwa ukutani pamoja na pimamaji. Nafasi inayozidi milimita 3 hujazwa kwa plasta. Gundi haikutengenezwa kunyoosha ukuta.

Jaribio la maji. Maji kidogo hurushwa ukutani. Yakiteleza kwa matone, bado kuna rangi au mafuta na sehemu hiyo hukwanguliwa tena. Yakinywewa papo hapo, ukuta una kiu na utaifyonza gundi kabla haijashika. Hulainishwa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupakwa chochote.

Kuzuia maji. Mistari iliyo kati ya vigae hupitisha maji. Kwa hiyo dawa ya kuzuia maji hupakwa kwa brashi mara 2, ya kwanza kwenda juu na chini, ya pili kwenda kando. Huanzia sakafuni na kupita kimo cha shawa. Pembe na mahali ukuta unapokutana na sakafu huimarishwa kwa utepe wa wavu. Vigae hubandikwa dawa ikishakauka, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Mpangaji anapaswa kupata idhini ya mwenye nyumba kabla ya kuanza. Kubomoa ukuta au kuongeza chumba ni kazi tofauti na huhitaji kibali cha kaunti. Kifusi na mabaki ya saruji visimwagwe chooni wala kwenye mitaro ya barabara. Saruji hugandia ndani ya bomba la majitaka, na mtaro ulioziba huleta mafuriko milangoni mvua inaponyesha.

Kwa jumla, ukuta mpya huchukua takriban mwezi mmoja kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Familia yenye bafu moja ipange mapema mahali pa kuogea katika muda huo, ili haraka isiharibu kazi.