Kwa Nini Balbu Hung'ang'ania Kwenye Holda

Katika nyumba za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, taa ya barazani ndiyo husumbua zaidi kubadilishwa. Ukiizungusha balbu iliyoungua, kioo huachana na kitako, nacho kitako hubaki ndani ya holda. Wengi huilaumu balbu. Kumbe tatizo huanza siku ileile ilipofungwa.

Tuanze na holda ya kuzungusha, ile ya E27, yaani yenye upana wa milimita 27. Vitako vya balbu nyingi ni vya alumini, ilhali ndani ya holda mara nyingi kuna mchanganyiko wa shaba na zinki. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa. Hapa huliwa alumini, na unga mweupe unaotokea hujaza mifereji ya skrubu na kuikaza. Ndiyo maana upepo wa bahari huongeza tatizo.

Joto nalo huchangia. Balbu ya waya hugeuza takribani sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa joto. Alumini hutanuka kuliko ule mchanganyiko wa shaba, hivyo kila taa inapowashwa kitako hujibana zaidi. Balbu za LED hupunguza joto hilo, ila haziondoi chumvi.

Holda ya pini, B22, haina skrubu, lakini haijasalimika. Joto la miaka mingi huikausha plastiki yake ikapasuka, na springi zikipata kutu pini hukwama.

Kinga basi ifanyike wakati wa kufunga. Zima meni swichi, wala usitegemee swichi ya ukutani pekee, kwani fundi akikosea nyaya, holda hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Futa holda kwa kitambaa kikavu. Chagua balbu yenye kitako kilichopakwa nikeli ukiipata. Paka utando mwembamba wa grisi ya silikoni inayohimili joto kwenye mifereji tu, na usiiguse ncha ya kati inayopokea umeme. Mafuta ya kujipaka hayafai, kwani huyeyuka kwa joto na kukusanya vumbi. Zungusha hadi balbu iguse, kisha kaza kidogo tu. Kwa taa ya nje, nunua kava lenye mpira wa kuzuia maji.

Mara moja moja, umeme ukiwa umezimwa na balbu imepoa, ilegeze na kuirudisha, ili unga usipate muda wa kuganda. Ikiwa tayari imekwama, usishindane nayo: vaa glavu nene na miwani, na ikikataa, mwite fundi umeme. Holda mpya ni rahisi kuinunua. Mkono uliokatwa na kioo au kupigwa na volti 230 hauna duka.