Mpini Ukicheza, Badilisheni Bushi Mapema



Tunapotembelea vijiji vya Ganze na Magarini, mara nyingi tunakuta pampu ya mkono imesimama na akina mama wanafuata maji mbali. Ukiuliza, unaambiwa, "Imekufa." Kumbe ilianza na mpini kucheza kidogo tu, watu wakanyamaza.

Tunazungumzia pampu ya Afridev. Iliendelezwa miaka ya 1980, na ilijaribiwa hapa hapa Pwani, kwa jirani zetu wa Kwale. Nia ilikuwa wanakijiji waitengeneze wenyewe, wanawake kwa wanaume, bila kungoja fundi wa mjini.

BUSHI NI NINI?

Ni pete za plastiki ngumu zinazokaa pale pini ya chuma inapozunguka. Pini ziko mbili: moja inabeba mpini, nyingine inashika fito ziendazo kisimani. Kila upande wa pini una seti moja, yaani bushi ya ndani na ya nje. Jumla ni seti nne.

Bushi imewekwa iliwe yenyewe ili pini isalimike. Ikiisha, chuma kinasugua chuma. Hapo hamnunui bushi tena, mnanunua pini na pengine mpini mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DALILI

Tikiseni mpini kushoto na kulia. Ukicheza, ukigonga au ukilia, bushi zimekwisha.

KAZI YENYEWE

1. Wekeni tayari seti nne mpya, spana ya pampu na kitambaa safi. Fungueni kifuniko cha juu.

2. Legezeni nati za pini zote mbili. Kabla ya kutoa mpini, zuieni fito kwa kifaa chake zisitumbukie. Mpini ni mzito, watu wawili waushike.

3. Toeni bushi kuukuu na mpanguse mchanga wote. Kagueni pini. Ikiwa imeliwa, badilisheni.

4. Tieni bushi mpya, seti zote nne kwa pamoja. Mkichanganya mpya na kuukuu, mpini utaelemea upande mmoja na mpya zitaisha haraka.

5. Rudisheni mpini, kazeni nati barabara, kisha pigeni maji.

Jamani, msipake grisi wala oili! Bushi hizi hazihitaji. Grisi hushika mchanga, na mchanga husaga plastiki.

AKIBA

Badilisheni bushi kila mwaka, hata kama pampu bado inatoa maji. Kikundi kimoja tulichokijua kilikuwa na pesa, lakini mkutano wa kuzitoa uliahirishwa mara tatu. Siku walipokutana, pini ilikuwa imekatika.

Basi mweka hazina anunue seti za akiba mapema, ziwekwe kijijini. Na katika mkutano wenu ujao ulizaneni: spana yetu iko kwa nani, na nani anajua kuitumia?