Tembea uone, si tembea uonekane



Likizo iliyopita Paroko wangu aliniomba niandae safari ya siku moja kwenda Bagamoyo kwa ajili ya vijana na akina mama wa WAWATA. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii. Niliandika ratiba yenye vituo saba: Misioni, makumbusho, makaburi ya wamisionari, msalaba wa ufukweni, magofu ya Kaole, Mji Mkongwe na soko la samaki. Kila kituo nilikipa dakika 40. Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, mwendo wa kilomita zipatazo 70, tukarudi usiku. Vituo vyote saba tulivimaliza.

Tulipokuwa makaburini, mama mmoja mzee aliketi pembeni akatoa rozari yake. Nikamwendea kumwambia kwamba gari linatusubiri. Akanitazama, akauliza, "Frateri, kwani nani anatukimbiza?"

"Ratiba, Mama," nikajibu. Akainuka taratibu, akairudisha rozari kwenye mkoba.

Usiku ule nilikuta picha zaidi ya 140 kwenye simu yangu. Nilijaribu kukumbuka jina moja tu lililoandikwa kwenye yale makaburi, nikashindwa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na wengi wao walifia hapo wakiwa bado vijana, kwa malaria na homa nyingine. Mimi nina miaka 25. Nilisimama mbele ya makaburi ya watu wa rika langu waliotoa maisha yao, nikayapiga picha, nikaondoka.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kwa nini tunatumia fedha na muda mwingi kwenda kupumzika, kisha tunarudi tumechoka na mikono mitupu? Naona tabia tatu, na nyuma yake ugonjwa mmoja wa zamani.

Tabia tatu

Ya kwanza ni kuhesabu vituo. Tunapima uzuri wa safari kwa idadi ya mahali tulipopita. Bagamoyo yenyewe inatufundisha kinyume. David Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi, na mwili ukalazwa katika kanisa la Misioni. Sisemi turudi kutembea kwa miguu. Nasema kwamba sisi tulisimama mahali palepale, tukasikiliza habari ile huku tukitazama saa.

Ya pili ni kusafiri kwa ajili ya macho ya wengine. Wazee walisema tembea uone. Siku hizi wengi wetu tunatembea tuonekane. Chakula kinapoa kwa sababu hakijapigwa picha. Tunafika baharini tukaipa bahari mgongo, maana picha inataka sura zetu. Tukisharusha picha, hatupumziki hata hapo. Tunakaa tukihesabu nani ameiona na nani amekaa kimya. Wapo hata wanaokopa mwezi Desemba ili safari yao ilingane na ya jirani, na Januari inawakuta wakidaiwa ada ya watoto. Mt. Augustino alieleza vizuri tamaa hii ya macho katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake: mtu anatafuta kuona kwa ajili ya kuona tu, bila kujali kama alichokiona kinamjenga.

Ya tatu ni kwenda na kila kitu. Zamani mtu akiondoka, ameondoka. Leo anakwenda na kundi la kazini, la kwaya, la jumuiya na la kamati ya harusi, yote mfukoni. Mwili uko kwa wazazi, akili iko kwenye kikao. Mimi mwenyewe nilikaa nyumbani siku nne mwezi Desemba, simu ikiwa mkononi. Siku ya kuondoka mama yangu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi ulikuja au ulipita?" Sikuwa na jibu.

Ugonjwa wenyewe

Ni rahisi kuilaumu simu. Lakini ratiba yangu ya vituo saba niliiandika kwa kalamu kwenye daftari. Tatizo liko ndani zaidi.

Mt. Tomaso wa Akwino, katika Summa yake ya Teolojia, anazungumzia akedia, ambayo katika orodha ya mizizi saba ya dhambi tumezoea kuiita uvivu. Tukisikia uvivu tunamfikiria mtu aliyelala hadi saa nne asubuhi. Tomaso anaona mbali zaidi. Kwake akedia ni huzuni ya moyo mbele ya mema ya kimungu, moyo usiotaka kutulia kwa Mungu. Ndiyo maana anasema inapingana na amri ya tatu, ile ya kuitakasa siku ya Bwana, kwa kuwa amri hiyo inaidai akili itulie katika Mungu. Na akitaja matunda ya akedia, anaweka humo kutangatanga kwa akili: udadisi usio na kiasi, maneno mengi, mwili usiotulia, na kuhamahama kutoka mahali hadi mahali. Kumbe mtu anaweza kuzunguka vituo saba kwa siku moja akawa mvivu! Anakimbia kwa sababu anaogopa kukaa.

Aristotle alikuwa amekwisha kufundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate mapumziko, kama vile watu wanavyopigana vita ili wapate amani. Mapumziko ndiyo lengo. Neno la Kigiriki alilotumia ni *scholē*. Likaingia katika Kilatini likawa *schola*, Wajerumani wakasema *Schule*, nasi tukapata shule. Asili ya shule ni utulivu wa mtu aliye huru kutazama na kutafakari. Likizo ingepaswa kuwa shule ya namna hiyo. Sisi tumeigeuza kuwa kazi nyingine, yenye malengo, ripoti na wakaguzi.

Tufanye nini?

Mitume waliporudi kutoka utume wao, watu walikuwa wengi hata wakakosa nafasi ya kula. Yesu aliwachukua kwenda faragha (Mk 6:30-34). Umati ukawafuata, naye akauhurumia. Kwa hiyo kupumzika hakumaanishi kumfungia mlango mwenye shida. Ndugu akiumwa, simu ipokelewe. Lakini kamati ya harusi inaweza kusubiri hadi Jumatatu.

Napendekeza mambo manne mepesi. Chagua mahali pachache, ukae. Piga picha moja au mbili, kisha weka simu kwenye begi. Za kurusha zitarushwa ukisharudi. Uliza wenyeji: mvuvi, katekista, bibi anayeuza vitumbua, wao wanajua mengi ambayo kibao cha makumbusho hakisemi. Na kila siku ya likizo tenga muda wa ukimya, iwe mbele ya Ekaristi au chini ya mwembe wa nyumbani. Mwanzoni utahangaika, mkono utaitafuta simu. Hapo ndipo utajua ulikuwa umechoka kiasi gani.

Kwa sisi waseminari jambo hili si dogo. Padre asiyejua kukaa kimya makaburini kwa nusu saa atawezaje kukaa na mgonjwa asiyeweza kuzungumza?

Nilimtafuta yule mama baada ya Misa ya Dominika, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Makaburi hayajahama, Frateri. Tutarudi." Mungu akipenda, tunarudi Agosti. Ratiba mpya ina vituo viwili tu. Cha kwanza ni makaburini, na sikukiandikia dakika.