Je, Wajua? Ua Linaloifuata Theluji Inayoyeyuka
Erythronium grandiflorum, mmea wa familia ya mayungiyungi unaoota katika milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, hutoa ua la manjano lililoinama mara tu theluji inapoyeyuka, na pengine chipukizi lake huitoboa theluji yenyewe. Haraka hiyo ya kustaajabisha hutokana na tunguu, yaani sehemu nene ya chini ya ardhi inayohifadhi wanga uliotengenezwa na majani ya msimu uliotangulia. Dubu wa kahawia huyafukua matunguu hayo kwa kucha zake ndefu, nao Wasecwepemc wa British Columbia tangu zamani waliyachimba na kuyapika katika mashimo ya ardhini. Mche unaotokana na mbegu huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, hivyo apitaye huko asilichume.